Jenereta ya kwenye boti Mtera: mashine na kijana walipoumwa ugonjwa mmoja

Niliitwa Mtera kwa ajili ya umeme. Mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, ambaye niliwahi kumtengenezea friza zake pale soko la Majengo, Dodoma mjini, alinipigia simu jioni. "Fundi, jenereta ya kwenye boti ina miezi miwili tu na imeshachoka. Ikiwaka nusu saa inakohoa, friza zinazima. Ukiiacha ikapoa, inarudi. Nimeambiwa ni kabureta. Njoo nayo." Nikanunua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikapanda basi la Iringa alfajiri. Kabureta hiyo nilirudi nayo ikiwa bado kwenye boksi lake.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naona boti nyingi sasa zinawekewa jenereta, na dukani swali ni moja tu: kilowati ngapi? Sijamsikia mteja akiuliza mashine hiyo itavuta hewa kutoka wapi na moshi wake utaishia wapi. Mimi mwenyewe, kabla ya safari ile, nilikuwa naanza na kilowati.

Kwa asiyepajua, Bwawa la Mtera liko mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, kwenye Mto Ruaha Mkuu, na barabara ya Dodoma kwenda Iringa inapita juu ya tuta lake. Lilijengwa kutunza maji ya kuendesha kituo cha umeme cha Kidatu huko chini, na mwaka 1988 likapata kituo chake lenyewe cha megawati 80. Likijaa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600. Kiangazi maji hurudi nyuma sana, visiki vya miti iliyozama vinachomoza, na mialo, yaani sehemu za pwani wavuvi wanapoegesha boti, inahama kuyafuata maji. Mwalo unaohama hauna nguzo ya umeme. Kwa hiyo mama huyu alifanya jambo la maana: akaweka friza mbili ndani ya boti ya mbao ya mita 11, akawa anazunguka siku mbili tatu kambi hadi kambi, ananunua perege na kambale, kisha anarudi kupakia kwenye gari la Dodoma. Nyuma ya boti kulijengwa kibanda cha mbao. Ndani yake zilikaa friza, na pembeni godoro la kijana mlinzi. Chini ya sakafu ya kibanda, ndani ya sanduku, ndiko lilikokuwa jenereta.

Nilipofika nilimsalimu mama, akaitika, akanionyesha boti iliyofungwa pale mwaloni. Chini ya mti alikaa kijana ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Huyo malaria imemganda," mama akasema. "Mara ya tatu mwezi huu." Nikampa pole kijana, nikashuka botini na zana zangu. Nasikitika kwamba nilimpita.

Vipimo vya kwanza vilikuwa vizuri kabisa. Mashine ya petroli, bango lake likisema kilowati 5 za kudumu na 5.5 za kilele, iliwaka kwa mvuto mmoja. Volti 229, hezi 50 na kitu. Nikaziwasha friza, nikawasha na pampu ya maji ya kuoshea samaki, nikafunga kifuniko cha sanduku kama wanavyofanya wao, nikakaa juu ya sakafu na mita mkononi. Dakika ya kumi, volti 221. Dakika ya ishirini, 208. Ilipofika dakika ya ishirini na tano volti zilikuwa 196 na hezi 46, mlio ukawa wa kukwama kwama, na friza moja ikajaribu kuanza, ikanguruma bila kuzunguka, ikanyamaza. Hapo ndipo kompresa hufa. Mota inayoshindwa kuanza hunywa umeme mwingi mno hadi inajichoma yenyewe, na mwenye mali hulaumu friza.

Nikainua kifuniko. Joto lililonipiga usoni lilikuwa la tanuri. Nikakiacha wazi bila kugusa kitu kingine chochote, na ndani ya dakika mbili mlio ulinyooka, volti zikapanda hadi 226. Nikafunga tena, zikaanza kushuka. Nikafungua, zikapanda. Nilirudia mara tatu ili nisijidanganye. Kisha nikazima, nikafungua plagi ya injini, ile inayotoa cheche: nyeusi, imejaa masizi makavu. Plagi ya namna hiyo inakuambia kwamba injini inapata petroli nyingi kuliko hewa. Kabureta ilikuwa nzima. Ilikuwa inachanganya petroli kwa kipimo chake cha siku zote, na hewa ndiyo iliyopungua.

Niliposimama kichwa kikaanza kunigonga upande wa nyuma, na miguu ikawa mizito. Nilitoka nje, nikakaa kwenye mchanga, na hapo nikamtazama tena yule kijana chini ya mti.

Nikamuuliza kama ana homa. "Homa sina, kaka," akajibu. "Kichwa tu, na kutapika, na mwili kuisha nguvu. Zahanati wamenipima malaria mara mbili, kipimo hakionyeshi kitu. Nikienda nyumbani siku mbili napona kabisa. Nikirudi kulala botini, asubuhi hata kusimama nashindwa."

Na jenereta usiku? "Tunawasha usiku kucha, mama anasema samaki wasiharibike."

Mashine na kijana walikuwa wanaumwa ugonjwa mmoja. Wote wawili walikuwa wanakosa hewa, tena mashine ndiyo iliyokuwa inamwambukiza kijana.

Gesi yenyewe

Kila mwaka, hasa Juni na Julai baridi inapokaza huku kwetu, tunasikia habari ya watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Kinachoua pale ni kaboni monoksaidi. Injini ya petroli inaitoa gesi hiyohiyo, na kwa wingi kuliko jiko. Haina rangi, haina harufu, na uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo haitulii chini wala haikimbilii darini. Inajichanganya na hewa na kwenda popote hewa inapokwenda. Ukishaivuta, hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu anakuwa anapumua vizuri, kifua kinapanda na kushuka, lakini damu haibebi kitu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na kwetu sisi wa maeneo ya mbu jina la kwanza linalotajwa ni malaria. Tofauti niliyoishika tangu siku ile ni hizi mbili: homa hakuna, na mgonjwa anapata nafuu akitoka mahali pale.

Injini inayonyimwa hewa hutoa gesi hii kwa wingi zaidi, kwa sababu petroli haiungui ikaisha. Kwa hiyo sanduku lile lilifanya mambo mawili kwa pamoja: lilizuia hewa safi kuingia, na kwa kufanya hivyo likaongeza sumu katika kila pumzi ya mashine.

Mama alipoelewa, aliketi chini akamwita kijana kwa jina la utotoni na kumshika mkono, muda mrefu, bila kusema. Tulikubaliana palepale kwamba usiku huo hakuna jenereta wala mtu wa kulala kibandani. Kijana nikamsindikiza zahanati tukaeleze habari ya moshi, ili aangaliwe kwa jambo hilo na si malaria tena.

Sanduku lilivyotengenezwa

Aliyelitengeneza hakuwa mzembe. Alikuwa fundi wa majumbani, na alitatua matatizo aliyopewa: kelele, mvua na wizi. Akajenga sanduku la mbao lililovikwa bati ndani na sponji nene, lenye kufuli, likakaa chini ya sakafu. Kwa hayo matatu kazi yake ilikuwa safi. Aliacha matundu mawili ya ukubwa wa kiganja, yote upande mmoja, hivyo hewa moto iliyotoka tundu la juu ilivutwa tena na tundu la chini.

Hesabu ya joto inasaidia kuona ukubwa wa kosa. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Kwa mzigo waliokuwa nao, mashine ilikula takribani lita moja kwa saa, na umeme uliotoka haukufika kilowati moja na nusu. Zaidi ya kilowati saba zilizobaki ni joto: sehemu hutoka na moshi, sehemu hutoka kwenye mapezi ya injini na kupeperushwa na feni yake. Ni sawa na kuwasha pasi saba za umeme ndani ya kabati kwa wakati mmoja, halafu bomba la moshi la kabati hilo liwe na ufa.

Na ufa ulikuwepo. Kutoka kwenye sailensa fundi aliunga bomba la chuma la maji, moja kwa moja hadi ubavuni mwa boti, akalibana na ubao. Jenereta linakaa juu ya raba na linatikisika, ilhali bomba halitikisiki. Kitu kimoja kikicheza na kingine kikigoma, kinachokatika ni kiungo kati yao. Kilikuwa kimepasuka karibu nusu ya mzunguko, na masizi yalikuwa yamechora mshale mweusi ndani ya bati kuonyesha moshi ulikoelekea, yaani juu, kwenye nyufa za mbao za sakafu, chini ya godoro.

Hata moshi uliobahatika kufika nje haukwenda mbali. Tundu lilitokea nyuma, chini kidogo ya dirisha la kibanda. Boti inapokwenda, nyuma yake kunabaki mahali hewa inapojizungusha, na moshi hunyonywa kurudi ndani. Ikiwa imetia nanga kwa mbele, mambo ni mema, maana boti hugeuza uso kwenye upepo na moshi huenda zake. Lakini pale mwaloni walizoea kuifunga kwa nyuma ili kupakua samaki kwa urahisi, na upepo wetu wa kiangazi hutoka mashariki, usiku kucha, ukiupuliza moshi dirishani.

Nilipoinua ubao wa chini kabisa nilikuta jambo ambalo kwangu lilikuwa la kutisha kuliko yote. Maji yanayotuama chini ya boti, maji ya ngama kama wanavyoyaita watu wa pwani nilikojifunzia kazi, yalikuwa na utando wa rangi za upinde na harufu kali ya petroli. Kabureta ilikuwa inadondosha kidogo kidogo kwa mtikisiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unajaa tumboni mwa boti kama maji, na unakubali kuwaka hata katika baridi kali. Mita moja juu yake zilikuwa friza mbili, kila moja na swichi yake inayotoa cheche ndogo kila inapowaka na kuzima. Boti haikulipuka, na sina maelezo mengine zaidi ya kwamba Mungu alikuwa anawaangalia. Tulikausha ngama kwa matambara, tukaacha mbao wazi juani siku nzima kabla ya mtu yeyote kugusa swichi.

Njia tatu tulizozipima

Ya kwanza ni jenereta lililotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini. Hilo hutumia dizeli, ambayo katika joto la kawaida haitoi mvuke wa kulipuka kama petroli, na linapozwa kwa maji ya nje. Pampu yenye impela ya raba, yaani kigurudumu chenye mapezi, huvuta maji kupitia chujio, maji yanapoza injini, kisha yanaingizwa ndani ya bomba la moshi na kutoka pamoja nao, hivyo bomba halichomi mbao. Ni mfumo mzuri, lakini una masharti. Mashine ikikaa chini ya usawa wa maji lazima bomba lipandishwe na kuwekewa vali ya kuvunja mvuto, la sivyo siku injini ikizimwa maji yatajivuta yenyewe hadi ndani ya silinda. Maji ya Mtera wakati wa masika ni tope tupu, yataziba chujio na kuitafuna impela. Hata kile kipande cha madini kinachowekwa ili kiliwe na kutu badala ya injini hubadilika: baharini ni zinki, kwenye maji baridi ni magnesiamu. Mashine ya namna hii ningemwekea mwenye boti kubwa ya chuma bila kusita. Kwa boti hii bei yake ingezidi thamani ya boti.

Ya pili ilikuwa ya mama mwenyewe: tulipandishe jenereta juu ya paa la kibanda, kwenye hewa tele. Mzee seremala aliyeijenga boti, asili yake Ukerewe, alikataa kabla hajamaliza kusikia. "Mwanamke anabeba ndoo kichwani kwa sababu ana miguu," alisema. "Boti haina miguu, mama." Alikuwa sahihi. Kilo 85 zilizokaa tumboni mwa boti huituliza, kilo hizohizo zikikaa mita mbili juu huisukuma ilale kila wimbi linapoiinamisha, na Mtera ikichafuka mchana ina mawimbi yanayostahili heshima.

Ikabaki ya tatu: kulitoa jenereta nje ya kibanda, nyuma kabisa, kwenye sitaha wazi, chini kadiri inavyowezekana. Tulipima kabla ya kufunga hata bolti moja. Tulilisogeza pale, boti ikielea na injini yake ya kupachika ikiwa mahali pake, tukapima kwa kijiti umbali kutoka maji hadi ukingo. Nyuma palikuwa sentimita 38, pakawa 31. Hapo samaki bado. Mama alikitazama kijiti kile. Siku mbili alikuwa amegoma kuuza mashine ya miezi miwili kwa hasara, na mimi nilikuwa nimemweleza kwa maneno kwamba ni nzito mno, bila mafanikio. Kijiti kilimwelewesha.

Ndipo tukarudi kwenye kilowati, na tulistahili kufika huko mwisho. Tuliorodhesha kinachohitaji umeme kweli. Friza ya nyumbani ni chombo cha kutunza kilichoganda, haiwezi kugandisha magunia ya perege kwa usiku mmoja, na ndiyo maana samaki wake walikuwa wanaharibika hata mashine ikiwaka usiku kucha. Kazi hiyo ni ya barafu. Kwa joto letu kipimo cha wavuvi cha kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki hakidanganyi. Friza moja ikashushwa, nafasi yake ikachukuliwa na sanduku lenye kuta nene za povu, na barafu inatoka mjini na gari linalokuja kuchukua samaki. Taa na simu zikahamia kwenye paneli mbili za sola na betri, kwa sababu jua hatujawahi kuomba mkopo. Kilichobaki kwa jenereta ni friza moja ya wati 180 na pampu ya wati 750.

Pampu inapoanza huvuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida kwa sekunde moja au mbili. Mwinuko nao una kodi yake. Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa mzigo ule, mashine ya kilowati 3 inatosha, mradi pampu ianze kwanza, friza ifuate. Mashine hiyo ina kilo 45. Mama alibadilishana na mwenye gereji mmoja aliyehitaji kubwa, akaongezewa fedha kidogo.

Kufunga

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili. Mzee alipasua mti mgumu, akaulaza juu ya mataruma (mbavu za boti) matatu ili uzito usikae kwenye ubao mmoja, nami nikachomelea kitako cha chuma cha pembe na kukifunga kwa bolti zinazopita hadi chini. Jenereta likakaa juu ya maunting za raba. Juu yake bati, sentimita 60 kutoka kichwa cha mashine, na pembeni hakuna ukuta hata mmoja. Wizi ulijibiwa kwa mnyororo na kufuli. Kelele hazikujibiwa, zipo na watu watazivumilia.

Moshi unatoka kwa kipande cha bomba linalonepa, kisha unapokewa na bomba la chuma linalopanda wima kupita kimo cha mtu, limepinda juu kama la trekta ili mvua isiingie, na halijapungua upana popote. Sehemu ya chini nimelizungushia kitambaa cha kuzuia joto na wavu wa nje, maana mkono utateleza tu siku moja. Dirisha la kibanda la upande wa nyuma tuliliziba kabisa, likafunguliwa jingine mbele.

Waya nilizikuta ni zile ngumu za nyumbani, za uzi mmoja. Kwenye boti hukatika ndani ya ganda bila kuonekana, kwa hiyo niliweka kebo za nyuzi nyingi. Kuna jambo moja la umeme ambalo mafundi wenzangu wengi wanalipita. Majenereta mengi madogo ya kubeba hutoka kiwandani nyaya zake mbili zikielea, hakuna uliounganishwa na bodi, yaani mwili wa chuma wa jenereta. Ukifunga breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, haitakata, kwa sababu umeme unaovuja hauna njia ya kurudi. Itakaa pale kama pambo. Nilichagua waya mmoja uwe nyutro, yaani wa kurudishia umeme, nikauunganisha na bodi ya jenereta, hapo tu na si mahali pengine, kisha nikavuta waya wa ethi, ule wa usalama, kutoka bodi hadi mwili wa friza na wa pampu. Nikajaribu kwa kuvujisha makusudi kupitia kipimo. Ikakata.

Tuliupima tena ule umbali wa maji, sasa friza ikiwa katikati na madumu ya petroli mbele kwenye kivuli: sentimita 37 nyuma. Tukasimamisha wanaume wanne upande mmoja, tukapima, tukawahamisha upande wa pili. Nilimshauri mama awaarifu wakaguzi wa TASAC, wenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, kwa sababu boti iliyohamishiwa uzito si ile waliyoikagua.

Kubwa kuliko vyuma vyote lilikuwa ratiba. Jenereta huwaka kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, watu wakiwa macho. Friza iliyojaa ikifungwa bila kuchunguliwa hukaa na baridi yake hadi siku mbili, kwa hiyo usiku mmoja si kitu. Petroli hujazwa nchi kavu, mashine ikiwa imepoa. Ndani ya kibanda, usawa wa kichwa cha aliyelala, tulitundika kengele ya betri inayopiga ikisikia kaboni monoksaidi. Ilibidi kuiagiza Dar es Salaam, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya kabureta niliyokuja nayo.

Nilirudi baada ya miezi minne kubadilisha oili. Mashine ilikuwa imewaka saa mbili mfululizo, mita ikasoma 228. Kijana alikuwa amenenepa. Alinieleza kwamba kengele imelia mara moja tu. Boti nyingine ilikuja mwaloni mchana na jenereta lake sakafuni, ikafunga kwa nyuma upande wa mashariki yao, upepo ukivuma. Yeye alikuwa amejilaza kibandani. Aliamka, akatoka, akawapigia kelele wazime, kisha akaenda kuwaonyesha kile kitu kinacholia na kuwauliza nani kati yao anaumwa kichwa. Wawili walinyoosha mikono.